Nyama Ambayo Atumani Hakuila

Mume wangu Hippolyte hakuwa tajiri, wala hakujifanya tajiri. Alikuwa karani katika kiwanda cha pamba hapa Kasongo tangu ujana wake mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Alipoacha kazi walimpa malipo yake ya mwisho, saa ya mezani, na mkono wa kwaheri. Wenzake wengi walimaliza malipo ya namna hiyo kabla mvua hazijarudi. Yeye aliezeka nyumba yetu kwa mabati, akapanda michikichi kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, njia ya Nyangwe, na kilichobaki akakiweka posta, katika sanduku la akiba la serikali. Mwaka ukapita, na mwingine, na sisi bado tunakula vizuri, na watoto wetu wanaenda shule kwa masista wamevaa nguo safi. Hapo watu wakaanza kuja kumwuliza amefanyaje.

Walikuja jioni, baada ya shamba na baada ya soko. Walikaa barazani petu kwenye benchi ambalo fundi wa misheni alilitengeneza, wakakohoa, wakasifu mabati, kisha wakasema shida yao. Hakupokea pesa ya mtu hata faranga moja. Walileta kuku au kibaba cha mchele, na vitu hivyo nilivipokea mimi, kwa sababu kumrudishia mtu kuku wake ni kumtukana. Nayaandika haya mapema kwa kuwa yako maneno yaliyosemwa baadaye katika mji huu, na wajukuu wangu wasiyasikie sokoni kabla hawajayasoma hapa.

Mafundisho yake yalikuwa machache. Kila mali aliiuliza swali moja: inakula au inalisha?

Nakumbuka kijana mmoja wa upande wa Wamaza aliyekuja na baiskeli mpya, kinga kama tunavyoiita sisi, ameifunga vitambaa vyekundu kwenye usukani.

"Karani, nimenunua mali."

"Inakula nini?" Hippolyte akamwuliza.

Kijana akacheka. "Kinga haili, karani. Si mbuzi."

"Inakula mipira. Inakula mafuta. Inakula viraka, na bibi yako akiiona imesimama tu, atasema, kwa nini isinipeleke kwa mama yangu Kabambare? Huko itakula zawadi. Wewe utabeba nini juu yake?"

"Nitabeba… nitajibeba mwenyewe."

"Basi umenunua mutoto, hukununua mali. Mulee vizuri."

Watu barazani walicheka mpaka kijana naye akacheka. Juma lililofuata alianza kupeleka mawese Kabambare kwa baiskeli ile, madumu mawili nyuma, na mwisho wa mwaka alituletea jogoo.

Kuhusu pamba alikuwa na maneno makali zaidi, maana aliijua kwa miaka yote aliyokaa mezani akiandika uzito wake. Alisema bei ya pamba inapangwa na watu ambao hawajapata kuiona ikichanua, na inajulikana kwao kabla mkulima hajachimba shimo la mbegu. Kwa hiyo mtu alime pamba kwa sababu ameamriwa kulima, lakini moyo wake asiuweke pale. Mpunga je? Mpunga usiuze siku ambayo jirani zako wote wanauza, lori la mnunuzi likiwa limesimama njiani na kila mtu anakimbia na kikapu kichwani. Siku hiyo mnunuzi ndiye bwana. Kausha, ficha kiasi darini, ngoja. Na asiye na dari isiyovuja asingoje, auze, kwa kuwa mpunga uliooza hauna bei kabisa.

Ndivyo alivyokuwa. Si maneno ya ajabu. Lakini kila jioni, mwaka baada ya mwaka, mimi nilizoea kula chakula kikiwa kimepoa, na yeye alizoea kulala na shida za watu wengine kichwani. "Sidonie," aliniambia siku moja akivua viatu, "mali ya mutu inachosha kuliko mizigo. Mizigo unaitua."

Jambo lililomchosha kuliko bei zote lilikuwa vifo. Mtu anafanya kazi maisha yake yote, anajenga, anapanda, halafu anakufa, na kabla matanga hayajaondolewa ndugu zake wanakuja kubeba. Wanabeba vitanda, masufuria, cherehani. Nyumba wanaipangisha, na mjane anarudi kwao na kifurushi cha nguo. Baraza la wazee wa senta, mtaa wa wenyeji hapa mjini, liliwapa ndugu haki, maana ndiyo sheria ya mababu, na mzungu wa serikali alisema mambo ya mila ni ya wenyewe.

Hippolyte hakupigana na mila. Alitafuta mlango ndani yake. Katika ukoo wa mama yake, kama katika koo nyingi za hapa, kulikuwa na desturi ya zamani, nyama ya ushahidi. Mtu aliye hai anawaita ndugu zake wote, anachinja mbuzi, anasema mbele yao kitu fulani nimempa fulani, na wote wanakula nyama ile. Aliyekula hawezi tena kudai. Hata baraza halimsikilizi, wanamwuliza tu, "Ulikula?" na kesi imekwisha. Desturi hii ilikuwa imeanza kusahauliwa, watu wakiifanya kwa mashamba ya mihogo tu. Hippolyte ndiye aliyeifufua kwa ajili ya nyumba za matofali na mabati. Alipitia nyumba pamoja na mwenye nyumba, chumba kwa chumba, kila kitu kikatajwa kwa sauti: hiki cha mke, hiki cha watoto, hiki cha ukoo. Kisha mbuzi. Wajane wengi wa Kasongo walibaki katika nyumba zao kwa sababu ya mbuzi wale.

Raphaël alikuwa mmoja wa waliomwamini sana. Alikuwa mtu wa upande wa Wamaza, lakini ujana wake wote aliumalizia mgodini upande wa Kabambare, akawa kapita, msimamizi wa kikosi. Alirudi amechoka, kifua kinapiga filimbi, na malipo yake ya mwisho yamefungwa ndani ya shuka. Alikuja kwetu kabla hajaenda hata kwa ndugu zake.

"Karani, nina hizi na nina Mado," alisema, akimwonyesha mke wake aliyekaa chini kwenye mkeka pamoja nami. "Mimi sitachukua siku mingi. Nataka yeye asirudi kwao na kifurushi."

"Mume wangu anapenda kufa," Mado akasema. "Kila siku anakufa, na asubuhi anaomba uji."

Hippolyte aligawa mali ile kama alivyofanya kwa wote. Paa, chakula, na dawa. Walinunua nyumba ya vyumba vitatu katika senta. Walinunua michikichi ya mzee mmoja, iliyokwisha kuzaa, mistari mizuri karibu na mto. Kidogo kilichobaki kiliwekwa posta kwa ajili ya dawa ya kifua. Nyumba itakulinda, Hippolyte alimwambia Mado, lakini kumbuka, nyumba inakula: udongo, chokaa, misumari, kodi. Michikichi ndiyo itakayokulisha wewe na nyumba yako. Mado alilishika neno lile. Alikwenda kuitazama michikichi karibu kila siku, kama mtu anayetazama watoto shuleni.

Ikabaki nyama. Raphaël alikuwa na ndugu mmoja tu mwenye sauti, Atumani, baba mmoja, mama mbalimbali. Raphaël alichukuliwa na mapadri akiwa mdogo. Atumani alilelewa na wajomba zake hapa mjini, Waislamu wa tangu zamani, akawa mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Nyangwe. Hapakuwa na ubaya kati yao. Watu wengi wa Kasongo wana ndugu msikitini na ndugu kanisani, na sikukuu zote mbili wanakula pamoja. Kwa sababu hiyo kila nyumba ya Wakristo inajua: ukiita wageni, mwite jirani Mwislamu achinje, ili wote wale. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Unalikuta, kama unavyokuta njia ya kisimani.

Lakini Raphaël alikuwa ameishi kambini. Kambini, alituambia baadaye, nyama ililetwa na kampuni ikiwa imekwisha katwa, na kila mtu alikula au aliacha. Siku ya ushahidi alimwita rafiki yake wa mgodini, Michel, mtu mwema na Mkristo, na Michel akamchinja mbuzi alfajiri. Mimi nilifika mapema kumsaidia Mado jikoni. Nikakuta nyama imekwisha ingia chunguni, nami sikujua mkono uliochinja. Hippolyte alikuja jua likiwa juu, na homa juu yake. Alikuwa ametoka Kabambare usiku ule, juu ya mizigo ya lori, alikokwenda kwa shughuli kama hiyohiyo.

Aliuliza, kama alivyouliza siku zote, "Nani alichinja?"

"Michel," akajibu Raphaël, amefurahi. "Mikono yake mepesi!"

Hippolyte akamgeukia Atumani. Atumani alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, kanzu safi, kofia safi. Akatabasamu.

"Usisumbuke, karani. Nitakula wali na maharagwe. Ndugu yangu ni ndugu yangu, hata bila mbuzi."

Wengine walikwisha nawa mikono. Kumtafuta mbuzi mwingine na mtu wa kumchinja ilikuwa kazi ya nusu siku, na homa ilikuwa inamtetemesha. Nilimwona kutoka jikoni akishika nguzo. Akasema basi, tuendelee. Vitu vikatajwa: nyumba ya Mado, michikichi ya Mado. Wote wakaitikia, na Atumani akaitikia kwa sauti kuliko wote. Wakala.

Hapo ndipo mume wangu alipokosea, na sitalifunika. Alikosea kwa uchovu. Hakukosea kwa kitu kingine.

Raphaël alikufa kweli katika mvua za mwaka uliofuata. Atumani alimlilia kama ndugu anavyolilia. Alishuka kaburini mwenyewe kumpokea. Alilisha waombolezaji samaki wake bila kuhesabu. Siku ya kuondoa matanga, watu wakiwa wamekaa na Mado ameshaanza kufungua kitambaa cha kichwa, alisimama.

"Mambo ya nyumba na michikichi," alisema. "Ni ya baba yetu sasa. Ni ya ukoo."

Michel akaruka. "Atumani, si tulikula wote?"

"Ninyi mulikula. Mimi sikukula."

"Ulikaa pale! Ulisema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo kwa mdomo. Desturi yenu haiulizi mdomo, inauliza tumbo. Uliza karani, yeye ndiye mwalimu wake."

Watu wote wakamtazama Hippolyte.

Wakaenda barazani kwa wazee wa senta. Mzee wa baraza aliuliza lile swali, ulikula?, na Atumani akajibu alikula wali.

"Wali si nyama," mzee akasema, kwa huzuni lakini bila shaka.

"Na karani alijua," Atumani akaongeza. "Alisoma kwa mapadri miaka mingi. Hawakumufundisha kwamba Mwislamu hali kibudu?"

Wengine wakacheka. Wazee walisema jambo hili ni la ndugu, warudi nyumbani walimalize wenyewe kabla ya mwezi kuandama. Wasipolimaliza, baraza litampa Atumani vyote, nyumba na michikichi, maana hapakuwa na la kulizuia.

Mado alikuja kwetu jioni ile. Hakulia. "Nitarudi na kifurushi," alisema. "Lile tu ndilo alilokataa marehemu, na ndilo litakalokuwa."

Kesho yake Hippolyte alikwenda kwa Atumani, nami nikamfuata, kwa kuwa mke wake Waridi na mimi tuliuziana sokoni miaka mingi. Waridi alituletea kahawa na tende chache, akakaa kando nami bila kuniangalia. Nilijua ameona haya.

"Umekuja kunisomea?" Atumani akamwuliza.

"Nimechoka kusoma. Nimekuja kukuuliza. Wewe una shida gani, Atumani? Ulimpenda ndugu yako. Mji wote umekuona."

Atumani alisukuma sahani ya tende kando. Alipojibu hakuwa tena na ile sauti ya barazani.

"Wewe ulitoka kiwandani, wakakupa malipo. Raphaël alitoka mgodini, wakamupa. Mimi nikitoka kwenye samaki, nani atanipa? Samaki? Miguu yangu haiendi tena Nyangwe. Watoto wangu wamekwenda Bukavu, wanaandika barua nzuri. Kila jioni ninapita kwenye baraza yako, naona watu wamejaa, na hakuna siku uliyoniita, karani, ukaniuliza, Atumani, uzee wako utakula nini?"

"Hukuja."

"Ningekujaje? Kwa Wakristo, na kuku mkononi?"

Waridi akaguna. Hippolyte aliweka kikombe chini, akajipangusa uso kwa kiganja. Nilimjua mume wangu. Nilijua amemwona mtu mbele yake sasa, na mtu huyo ameleta shida yake kama wengine wote.

"Basi nakuuliza leo," alisema. "Nyumba ile ya vyumba vitatu utaifanya nini?"

"Nitaipangisha."

"Ukuta wa nyuma umepasuka, Mado anaupaka udongo kila mvua. Mabati ni ya zamani. Kodi iko. Mpangaji atakulipa miezi miwili, wa tatu atakupa habari. Na utamfukuza Mado mbele ya mji wote, wewe unayeuza samaki kwa wanawake wa mji huu. Nyumba ile itakula, Atumani. Itakukula wewe."

"Na michikichi?"

Nilitaka mume wangu ajibu jambo jingine, lolote.

"Michikichi inalisha," Hippolyte akasema.

Atumani alimtazama. "Ungeweza kunidanganya."

"Ningeweza. Halafu ungeuliza mutu mwingine sokoni, na ungechukua vyote."

Walipatana hivyo. Atumani achukue michikichi, nyumba abaki nayo Mado, na achinjwe mbuzi mwingine, na Atumani ale. Waridi ndiye aliyesema, kabla hatujaondoka, "Na amuchinje mwenyewe, tusirudi hapa tena."

Tulikwenda moja kwa moja kumwambia Mado. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika nguzo ya mlango.

"Karani," alisema, "si wewe uliyetuambia nyumba inakula?"

"Ni mimi."

"Na chakula changu umempa yeye."

"Nimempa, mama. Nisingempa, angekuwa na vyote viwili. Chumba cha mbele mpangishe mwalimu wa misheni, yeye analipwa kila mwezi. Mjane mwenye mpangaji mmoja…"

"Sipendi watu nyumbani mwangu," Mado akasema.

"Najua."

Mji ulisema yake. Walisema karani alipewa hongo na Atumani tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alimwacha Michel achinje. Walisema anakula pande mbili. Mimi nilikuwa mke wake, nikipika katika nyumba yake, nikizijua faranga zote zilizoingia na kutoka. Kutoka kwa Atumani hakikuingia kitu, hata samaki. Mbuzi wa pili alitoka katika zizi letu, jike lililokuwa na mimba, kwa sababu hatukuwa na mwingine mkubwa. Wanaosema na waseme hilo pia.

Siku ilipofika, Atumani alikunja mikono ya kanzu akamchinja yule mbuzi mwenyewe, vizuri, kwa jina la Mungu, kisu kimoja. Ndugu wakakaa. Hippolyte akataja kwa sauti: nyumba ya Mado, michikichi ya Atumani. Mado alikataa mtu mwingine agawe chakula. Alileta sahani ya Atumani kwa mikono miwili, kama desturi, akapiga goti, akaiweka. Kisha hakuondoka.

"Kula, shemeji."

"Nitakula."

"Kula nikuone."

Atumani alimega kipande, akakitia mdomoni. Alikitafuna muda mrefu, kwa sababu nyama ilikuwa ngumu au kwa sababu nyingine. Mado alipiga goti mbele yake vilevile, macho yake kooni mwake, mpaka akameza. "Asante," akasema, akainuka kwenda kuwahudumia wengine.

Mwalimu wa misheni alihamia chumba cha mbele kabla ya Krismasi. Mado hakumpenda, wala yeye hakumlalamikia. Mwalimu alilipa kila mwezi, na ukuta wa nyuma ukapakwa saruji. Njia ya kwenda mtoni, kwenye michikichi, Mado aliacha kuipita. Alinunua mawese sokoni kama sisi wengine, na nilipompelekea yetu aliyapokea, akanirudishia chupa imeoshwa.

Hippolyte aliendelea na baraza lake, maana watu hawakuacha kuja hata wale waliomsema. Ila alizungumza polepole zaidi, na mara nyingi, mtu akiwa bado anaeleza, nilimwona amefumba macho. Alipofariki, Mado alikuja mapema kuliko ndugu zetu. Hakukaa nasi wanawake mkekani. Alichukua ufagio, akafagia uwanja wote, mbele na nyuma, kisha akaenda jikoni kuchota maji.